Tupishe Kidogo, Fundi

Daktari alikuwa na tabia ya kuitikia marahaba kabla hujamaliza shikamoo. Ukifika "shika" tu, yeye ameshaipokea na yuko kwenye jambo lingine. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, nina karakana yangu ya makochi pale Buhongwa ambako vijana wananiamkia tangu asubuhi, lakini mbele yake nilitoa shikamoo kama mtoto aliyetumwa chumvi, na hata hiyo sikuachiwa niimalize. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kwanza lililonikera, na kwa sababu nataka msomaji ajue mapema kwamba simwandiki kwa moyo mweupe. Nilimwonea wivu yule mzee. Nilimwonea wivu kwa miaka, na masalia yake bado ninayo.

Hakuninyang'anya mke. Hilo niliseme wazi, maana mtaani kwetu maneno hayakawii kuota miguu. Alimtibu mke wangu, mke wangu akapona, basi. Lakini kuna vitu ambavyo mtu anaweza kukuchukulia bila kugusa hata ukucha, na kwa vitu hivyo hakuna baraza la kata linaloweza kukusikiliza.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye shingo ndefu na shati jeupe la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka juu, hata Oktoba Mwanza inapowaka. Mimi ni mtu wa vitambaa. Naijua nguo iliyopigwa pasi na mke, naijua iliyopigwa na dobi, na naijua iliyopigwa na mwenyewe. Shati la Daktari alilipiga pasi mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mgane na hakuwa mtu wa kumwachia mwingine kazi yake. Mke wangu alilisifu shati lile wakati wa chakula cha mchana, mbele yangu, nami nimevaa fulana yenye gundi ya sponji kifuani. Nikamwambia hata mimi ningekuwa nakaa kwenye kiti naandika, ningevaa nyeupe. Akasema, "Haandiki. Anasikiliza." Nikamega ugali wangu.

Kisha kulikuwa na lugha. Yeye na mke wangu wote ni watu wa Ukerewe. Mimi ni mtoto wa mjini, babu zangu walitoka kila upande, na kilichobaki kwenye ulimi wangu ni Kiswahili peke yake. Basi wakikutana wale wawili, wanaanza kwa Kiswahili kwa heshima yangu, halafu baada ya maneno machache wanateleza kwenda kisiwani na kuniacha ng'ambo. Nilikuwa nakaa pale nasikiliza Kikerewe kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mara katikati ya maneno linapita neno "Fundi", na hapo hapo wanacheka.

"Mmesema nini?" nikauliza siku moja.

"Anasema unafanya kazi nzuri," akajibu mke wangu.

"Kazi nzuri haichekeshi, Mama Zuhura."

Akacheka tena, naye Daktari akatazama dari. Ndivyo alivyokuwa, alitazama dari kila alipotaka kutoonekana anacheka. Alitazama dari pia alipompapasa mgonjwa tumbo, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na kabla ya kumgusa mtu alisugua viganja vyake kwanza vipate joto. Nimeingia na mke wangu hospitali nyingi, na sijaona daktari mwingine anayepasha mikono moto. Nilijaribu kukichukia kitu kile nikashindwa, na hilo nalo likaniudhi.

Sasa niseme alivyoingia maishani mwetu. Mke wangu ndiye anayeshona vitambaa vya makochi yangu. Mimi natengeneza fremu, springi na sponji, yeye anavalisha. Kwa miaka kadhaa magoti na vidole vyake vilikuwa vinavimba, hasa asubuhi, ugonjwa ambao kila mtu aliuita baridi yabisi. Cherehani yake ni ya miguu, na ilikuwa haisimami. Nilimwona akikunja uso, nikamwambia apumzike, akasema amezoea. Baadaye akaanza kudhoofika. Akipanda kile kilima kidogo cha kwenda sokoni moyo unampiga kama ametoka kukimbizwa. Viganja vikawa vyeupe, miguu ikajaa maji, na tumbo likawa linamsokota kila baada ya kula. Halafu siku moja akaniambia kwa aibu kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami.

Hapa kwetu mtu wa kisiwani akisema ana damu chooni, hakuna anayeuliza swali la pili. Ni kichocho. Amekulia ziwani, ameoga ziwani, amefua ziwani, ni kichocho tu. Akapewa dawa za kichocho, zikamlevya siku nzima, hakupona. Ikaja taifodi, ikaja minyoo, ikaja amiba. Akaongezewa damu, akainuka wiki chache, akashuka tena. Wakasema ni vidonda vya tumbo, wakampitisha kamera mdomoni, tumbo likaonekana safi. Wakampitisha kamera kutokea chini, nako safi. Hapo wifi yangu akasema sasa tuache kudanganyana, mtu anayevuja damu na mashine hazioni kitu, huyo ametupiwa. Mimi si mtu wa mambo hayo. Lakini nilianza kumtazama jirani yetu mmoja kwa jicho ambalo hakustahili.

Ndipo tukaelekezwa kwa Daktari. Tulipoingia, hakugusa majibu tuliyobeba. Aliyaweka pembeni, akamtazama mke wangu mdomoni akiongea, kisha akamuuliza, "Ukiwa peke yako nyumbani, unatafuna nini?"

Mke wangu akainamisha kichwa. Halafu akasema, "Mchele."

"Mbichi?"

"Mbichi."

Mimi nilikuwa nimemwona mara nyingi ameshika ungo, nikajua anachambua mchele. Kumbe alikuwa anautafuna. Daktari alisema ni damu iliyopungua inayomfanya mtu atamani vitu vya ajabu, mwingine udongo, mwingine mchele mbichi, mwingine barafu, na kwamba hiyo si tabia mbaya, ni mwili unaoomba. Mke wangu akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Kisha Daktari akasogeza kiti chake karibu na kuuliza swali ambalo nitalikumbuka mpaka naingia kaburini.

"Unapoamka asubuhi, kabla hujasimama, unameza nini ili usimame?"

Kote tulikopita walimuuliza anatumia dawa gani, naye alijibu hatumii. Hakuwa anadanganya. Kwetu dawa ni kile ulichoandikiwa na daktari ukaambiwa asubuhi na jioni. Kile unachonunua dukani ukipita, ukakifunga kwenye pindo la kanga, ukampa shoga yako kimoja msibani naye akakupa chake kesho kutwa, hicho ni kidonge cha maumivu tu. Hakiingii kwenye hesabu ya dawa, kama vile peremende haiingii kwenye hesabu ya chakula. Lakini swali la Daktari halikuwa na neno dawa ndani yake, kwa hiyo halikuwa na pa kukwepea.

Mke wangu akanitazama mimi, akatazama chini. Daktari akaona.

"Tupishe kidogo, Fundi," akasema.

Nikatoka. Sijui kwa nini nilitoka. Ni mke wangu, nimemwoa mbele ya mashahidi, na mtu mwenye shati jeupe ananiambia nipishe nami napisha. Nikakaa kwenye benchi la korido, benchi ambalo ngozi yake ilikuwa imechanika na sponji inachungulia, nikawa naichomeka sponji ile kwa kidole. Kupitia mlangoni nilisikia Kikerewe. Kisha nikasikia mke wangu analia. Hakuwahi kulia mbele yangu tangu kifo cha mama yake. Magoti yamevimba, hakulia. Kamera imeshuka kooni, hakulia. Na sasa alikuwa analia mle ndani kwa lugha nisiyoijua, kisha, Mungu shahidi wangu, nikasikia anacheka.

Nilipoitwa, mkoba wake ulikuwa umemwagwa mezani. Hiyo ilikuwa desturi ya Daktari, aliiita kumwaga mkoba: kila kinachopita mdomoni kitoke kionekane. Nikaona diklofenaki, hivyo vidonge vya maumivu, kadi kwa kadi, na vidonge vingine vya rangi rangi visivyo na jina, na kile kidonge cha kukinga tumbo ambacho mwenye duka alikuwa anamwongezea kwa nia njema. Nikaona pia chupa ndogo za sindano. Mke wangu alikuwa amesikia kwamba vidonge vinachoma tumbo, basi tumbo likiuma anakwenda kuchomwa sindano ya dawa ile ile, akiamini kwamba sindano haipiti tumboni.

"Inapita," Daktari akaniambia. "Inaingia kwenye damu, na damu inafika kwenye utumbo. Halafu ini linaichuja na kuimwaga huko huko. Ukifunga mlango inaingilia dirishani."

Nikamuuliza mbona kamera hazikuona kitu. Akageuza karatasi, akachora mstari mmoja mrefu.

"Fundi, wewe ni mtu wa Buhongwa. Hii ni barabara ya Shinyanga. Kamera ya juu imekagua Buhongwa, lami safi. Kamera ya chini imekagua Shinyanga, lami safi. Mashimo yako Misungwi." Akaweka kalamu katikati ya mstari. "Utumbo mwembamba. Huko hakuna kamera ya kwetu inayofika. Na hiki kidonge cha kukinga kinalinda mfuko wa chakula, hakilindi utumbo. Vidonda viko huku, vimesababishwa na vidonge, na vinavuja kidogo kidogo."

Nilielewa. Nilielewa vizuri kuliko nilivyotaka, na hilo ndilo lililokuwa tatizo la yule mtu, ukitoka kwake huna hata kisingizio cha kusema hujui. Vidonge nilivielewa. Machozi sikuyaelewa. Tulipofika nyumbani nikamuuliza mke wangu, "Ulimwambia nini nilipotoka?" Akasema, "Muulize mwenyewe." Nikasubiri siku ya kurudi, nikamuuliza Daktari. Akasema, "Hayo ni yake," akaendelea kusugua viganja.

Basi nikawa mtu niliyesimama katikati ya milango miwili, yote imefungwa kwa adabu.

Matibabu yenyewe yalikuwa kuacha. Kuacha vidonge vyote vya namna ile, vya kumeza na vya sindano, na kumeza madini ya chuma. Akapelekwa kwa mtaalamu wa maungo, akapewa dawa ya baridi yabisi yenyewe, ile ya kumeza mara moja kwa wiki, badala ya kuendelea kuziba maumivu. Kati ya kuacha na dawa ile kuanza kufanya kazi, mke wangu aliteseka. Nilimpasha maji, nikamkanda magoti kwa taulo, nikapika. Na kila nilipomwambia jambo lolote la busara alisema, "Daktari amesema." Miaka yote nilimwambia apumzike hakupumzika. Daktari alimwambia mara moja, akaacha cherehani mchana kutwa. Nilifurahi anapumzika na nilitaka kuipiga teke ile cherehani, yote kwa wakati mmoja.

Kuna siku tuligombana, mimi na Daktari. Picha ya tumbo ilikuwa imeonyesha sehemu moja ya utumbo iliyonenepa ukuta na kusinyaa, akasema ikiziba kabisa itabidi akatwe. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna kamera ndogo unaimeza kama kidonge, inapita njia nzima inapiga picha. Nikamwambia nitampeleka mke wangu kokote iliko, yeye atuandikie tu.

"Utumbo uliosinyaa unaweza kuinasa hiyo kamera huko ndani," akasema. "Halafu tukate kuitoa. Kwanza unataka kuona nini?"

"Nataka kuona ugonjwa."

"Mimi nataka uondoke. Kuacha ndiyo dawa, Fundi, na kuacha ndiyo kipimo. Akiacha, damu ikapanda na isishuke tena, tutakuwa tumejua. Akitapika, tumbo likajaa na upepo usitoke, usiningoje mimi wala mtu yeyote, mlete hapo hapo."

"Na ukikosea?"

Hapo hakutazama dari. Alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nikaona anaogopa. "Nikikosea," akasema, "tutakuwa wawili wa kulia."

Nilirudi nyumbani nikilitafuna neno lile. Wawili wa kulia. Wa pili alikuwa nani, na nani amempa nafasi hiyo? Nilikuwa namtaka mke wangu apone na sikutaka apone kwa mkono wa yule. Usiku na mchana nilimwomba Mungu Daktari awe amepatia, na katikati ya dua najishika nikitamani awe amekosea kitu kidogo tu, kisicho na madhara, ili apunguzwe.

Hakukosea. Damu ilipanda, ikakaa. Tumbo lililegea, akaanza kula bila kujikunja. Mimi sikuhitaji majibu ya maabara. Nilijua amepona siku niliyomkuta amechambua ungo mzima wa mchele na hakuna hata punje moja iliyopungua.

Baada ya hapo shukrani zikaanza kuhama nyumbani kwangu. Wageni wakija na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa, kutoka kijijini, sehemu nzuri inatengwa. Ukiuliza, "Ni ya Daktari." Karanga za kutafunia na hayo matobolwa, za Daktari. Sato mkubwa, kichwa chake cha Daktari kwa kuwa anapenda vichwa. Mimi pia napenda vichwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nisimfanye malaika, na mwenyewe asingetaka, ingawa kusifiwa alipenda. Ukimsifu alikuwa anaomba radhi kwa mdomo huku mabega yanapanuka. Alikataza watu soda akanywa soda, tena na barafu. Wenye maduka ya dawa aliwasema hadharani kwamba wanauza vidonda kwa kadi, lakini yule mama wa duka la mtaani kwetu alipotaka kufungiwa, Daktari alivaa shati lake akaenda kumtetea, akisema watu wanaumwa na yule ndiye aliye karibu. Alikuwa hapendi msemo wa mficha maradhi kifo humuumbua. "Kifo hakimuumbui mtu," alikuwa anasema, "kinamchukua tu. Anayeficha ana sababu. Muulize vizuri." Lakini yeye mwenyewe hujawahi kumsikia anaumwa. Ukimuuliza hali, sijambo. Alipoanza kuchechemea alisema ni kiatu. Alibadili viatu, akachechemea na vipya.

Alipostaafu alijenga Usagara, akaja karakana kwangu kuagiza seti ya makochi. Hapo Shetani alinitembelea. Fundi wa makochi anaweza kumlipiza mtu kisasi kwa miaka bila kujulikana: springi moja ilegee upande wa kushoto, ubao wa mgongo usogee kidogo tu, na mtu ataumwa kiuno asijue kwa nini. Nililiwaza hilo kwa raha. Kisha nikampima urefu wa paja na mgongo, nikachagua mbao kavu, nikamtengenezea kochi ambalo sijamtengenezea mtu mwingine. Mkono ulikataa kutumwa. Alipolikalia mara ya kwanza alifumba macho akasema, "Fundi, hili kochi linanijua." Nilifurahi wiki nzima, na nilikasirika kwamba nimefurahi.

Mwaka huu, masika yalipokwisha, mke wangu alifunga matobolwa yake kwenye kitambaa tukapanda kirikuu changu cha kubebea makochi, tukaenda Usagara kumsalimia. Tulimkuta sebuleni. Alitaka kusimama kutupokea, akasukuma mikono ya kochi, akasita, akasukuma tena.

"Shikamoo, Daktari," nikasema.

Akasubiri. Nilisikia shikamoo yangu yote, mpaka mwisho wake, ikining'inia pale sebuleni.

"Marahaba, Fundi," akasema.

Miaka yote nilikuwa nataka kuimaliza ile salamu, na nilipoimaliza sikuipenda. Nikampa mkono. Kiganja chake kilikuwa cheupe, tena cha baridi. Mke wangu hakuona kitu, alikuwa ameshafungua matobolwa na wameshateleza kwenda Ukerewe kama kawaida yao. Binti wa kazi akaleta soda. Daktari alikunywa yake akaimaliza, kisha akainamisha bilauri na kuanza kuvunja barafu kwa meno. Kipande kimoja, kingine, kingine, bila kujua anafanya hivyo. Mke wangu anacheka na habari za kisiwani, mimi nasikiliza meno.

Watu hawajui kwamba hakuna anayemjua mtu kama anayemwonea wivu. Rafiki anakutazama mara moja akaridhika. Mimi nilikuwa nimemtazama yule mzee kwa miaka nikitafuta kasoro, kila shati, kila hatua, kila alivyoshika kikombe. Nilijua alivyokuwa. Huyu aliyekaa mbele yangu alikuwa amepunguzwa, kama nilivyomwombea siku zile.

Aliondoka kwenda uani, akishika ukuta. Nami, kwa mazoea ya kazi, nikainama kukagua kochi lake. Kila kochi lina mfuko ambao mwenyewe hajui kama anao, pale kalio linapokutana na mgongo. Huko nimewahi kutoa vitana, hereni, rimoti, meno ya bandia. Nikapenyeza mkono mpaka kwenye springi. Nikatoa kadi tupu ya vidonge. Nikarudisha mkono, nikatoa nyingine. Zilikuwa nyingi huko chini, zimekunjwa ndogo ndogo. Diklofenaki.

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye picha za ukutani, amenipa mgongo. Nikaziingiza mfukoni. Daktari aliporudi na kukaa nilikuwa nimeshaamua.

"Mama Zuhura," nikasema, "tupishe kidogo."

Alinigeukia kama vile nimemsemesha Kichina. "Mimi?"

"Kidogo tu."

Akamtazama Daktari amwokoe. Daktari alikuwa anatazama mfuko wa shati langu, ambako kona ya kadi moja ilikuwa inachungulia. Mke wangu akavuta kanga yake mabegani, akatoka nje kwenda kutazama kuku. Nikasogeza kiti changu karibu. Nikajikuta nasugua viganja, ingawa hapakuwa na tumbo la kupapasa.

"Daktari," nikasema, "unapoamka asubuhi, kabla hujasimama, unameza nini ili usimame?"

Nje kuku walikuwa wanalia.

"Unajua najua," akasema.

"Najua unajua."

"Choo changu nimekiona. Najua hata kidonda kiko kilomita gani ya barabara." Akajaribu kucheka. "Lakini ningemwambia nani, Fundi? Kila aliyebaki ananiita Daktari."

Halafu akasema mengine. Alilia, na katikati ya kulia akasema jambo la kuchekesha kuhusu magoti yake na marehemu mke wake, tukacheka wote wawili kwa sauti, mpaka nikakumbuka kwamba kuna mtu nje. Ndipo nikajua jinsi inavyowezekana mtu akalia na kucheka katika chumba kile kile, na jinsi ambavyo maneno yale yasingeweza kutoka mlango ukiwa wazi. Habari ya vidonge mnaijua, nimeshaisema. Hayo mengine ni yake.

Alinipa kadi zilizobaki kwa mkono wake mwenyewe, mpaka ile ya kwenye soksi. Tukakubaliana kwamba kesho yake asubuhi nitamfuata na kirikuu, nimpeleke kwa madaktari aliowafundisha mwenyewe, na kwamba nitamwachia amalize kuvaa shati lake kwanza. Na ndivyo tulivyofanya. Waliona damu yake imepungua sana, wakamwongezea, wakamwachisha vidonge, na sasa hivi anameza chuma na kulalamika kama mgonjwa mwingine yeyote.

Lakini jioni ile tulipokuwa tunarudi, kirikuu hakijafika hata lami, mke wangu aliniuliza.

"Mliongea nini?"

"Mambo ya kawaida."

"Mambo ya kawaida unanitoa nje? Nimesikia analia. Nimesikia mnacheka."

Nikabadili gia. Akanigeukia mwili mzima.

"Baba Zuhura. Niambie ya kwako, nikuambie ya kwangu. Ya siku ile."

Nilipunguza mwendo. Miaka yote nilikuwa nimegonga mlango ule, na sasa alikuwa ameufungua mwenyewe, amesimama kizingitini ananikaribisha. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikamtazama, viganja vyake vyekundu vimelala juu ya kile kitambaa kitupu cha matobolwa, vidole havijavimba.

"Muulize mwenyewe," nikasema.

Alininunia mpaka Buhongwa. Katika ndoa yangu yote sijawahi kufurahia kununiwa kama siku ile.